Vijana wa Ikonge Waingoja Wakanda

Ndugu msomaji, sikwenda Ikonge kutazama sinema. Nilikwenda kumjulia hali sahibu yangu mmoja, Mkisii, ambaye tulifanya kazi pamoja bandarini Kilindini kwa miaka 22, na alipostaafu akafunga virago akarudi kwao Nyamira kwenye migomba na majani chai. Alikuwa ameanguka akaumia nyonga, na kila tukizungumza kwa simu huniuliza, "Sheikh, utakuja kunitazama au wangoja kuja kunizika?" Basi nikapanda gari la moshi hadi Nairobi, na kutoka hapo matatu juu ya matatu, hata nikashuka Ikonge alasiri ya Jumamosi, mvua inanyesha, nami nina kanzu moja na koti la kuazima. Kwa mtu wa pwani, baridi ya milima ile si ya kufanyia mzaha.

Sahibu yangu azijua mila zangu. Alikuwa ameketi ukumbini na fimbo yake, kuku amefungwa miguu kando ya mlango. Akaniambia, "Kisu hicho, kuku huyo. Wewe ndiye mchinjaji, sisi ni walaji tu." Nikapiga bismillahi nikafanya kazi yangu. Tulipokuwa tunanawa mikono akaingia mjukuu wake, kijana wa miaka 19 hivi, mwembamba, ameroa chapachapa. Akanipa mkono wa kulia, wa kushoto ameushika kiwiko kwa heshima, kisha akamgeukia babu yake: "Sokoro, leo usiku kibandani ni Wakanda. Naomba nimchukue Mzee wa Mombasa."

Sahibu yangu akacheka. "Mchukue. Lakini ujue yeye alizaliwa sinema."

Hapo hakusema uongo. Ujana wetu Mombasa ulikuwa Naaz, Majestic na Regal. Filamu ya Kihindi ikibandikwa tangazo lake ukutani, mji mzima waijua nyimbo zake kabla haijafika, na Jumapili foleni ya tikiti ilikuwa mahali pa kuvulia nguo mpya. Kungojea sinema, basi, si jambo geni kwangu. Lililokuwa geni ni kuwaona vijana wa shamba, mbali na jumba lolote la sinema, wanaingojea filamu ambayo hata kupigwa picha bado, na wanaijadili kama watu wanaojadili urithi wa marehemu baba yao.

Kwa msomaji asiyeifuata habari hii, nieleze kwa ufupi. Wakanda ni nchi ya kubuni. Ilizaliwa Marekani mwezi wa Julai 1966, katika toleo la 52 la kijarida cha katuni kiitwacho Fantastic Four, kazi ya Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Ni nchi ya Kiafrika isiyowahi kutawaliwa na mkoloni, tajiri wa madini yasiyopatikana kwingine duniani, vibranium, na kwa madini hayo imepata elimu ya ajabu: vyombo vya angani visivyo na kelele, mavazi yasiyopenya risasi, dawa ya kila jeraha. Mfalme wake, T'Challa, huvaa ngozi ya chui mweusi. Mwaka 2018 mwongozaji Ryan Coogler aliifanya filamu, Black Panther, ikaingiza zaidi ya dola bilioni 1.3. Ya pili ikafuata mwaka 2022. Mwaka 2025 Coogler alisema kwamba filamu yake inayofuata ni hiyo ya tatu, na hata kabla ya hapo, Novemba 2024, Denzel Washington alikwisha kutoboa siri kwamba anaandikiwa nafasi ndani yake. Tena Machi 2025 ilitangazwa kwamba watu kadhaa wa Wakanda watakuwamo katika Avengers: Doomsday, ambayo ilipangiwa kutoka Desemba 18, 2026. Tarehe hiyo niliikuta imeandikwa kwa chaki juu ya mlango wa kibanda cha video pale Ikonge, na chini yake mtu ameongeza: "Mungu akipenda."

Vijana wale wanagombania mambo mengi, na la kwanza ni mrithi. Chadwick Boseman, aliyekuwa T'Challa, alifariki Agosti 28, 2020 kwa saratani, na wenye filamu hawakutaka kumweka mtu mwingine mahali pake. Mwisho wa filamu ya pili ikajulikana kwamba marehemu aliacha mwana, analelewa Haiti na mamaye, na mama huyo ndiye Nakia, yaani Lupita Nyong'o wetu. Basi kundi moja lasema mtoto atarudi atawale. Kundi jingine lasema ufalme u mikononi mwa shangazi yake na wa milimani, mtoto aachwe asome. Nimesikia kesi za mirathi kwa kadhi zenye hoja dhaifu kuliko hizo.

La pili ni ramani. Yule mjukuu alinitolea simu yake akanionyesha. Filamu ziliiweka Wakanda kaskazini, upande wa Ziwa Turkana. Lakini mwaka 2016 mwandishi Ta-Nehisi Coates alipopewa kuandika vijarida hivyo, Wakanda ikawekwa kwenye Ziwa Victoria, na ramani ya nchi ile na jirani zake za kubuni ikaangukia Uganda, Rwanda, Burundi, kaskazini magharibi ya Tanzania na magharibi ya Kenya. Vijana wamechukua ramani hiyo wakailaza juu ya ramani ya kweli, na wanaapa kwamba Ikonge ama imo ndani ya Wakanda ama iko mpakani kabisa. "Mzee, hapa uliposimama," akaniambia kijana mwingine, muuza mitumba, "umevuka mpaka bila paspoti." Mmoja wa majirani wa Wakanda katika ramani ile huitwa Azania. Nikawaambia, basi na sisi wa pwani tumo, kwani Azania ndilo jina wafanyabiashara wa Kiyunani walilotumia kuuita mwambao wetu karne nyingi zilizopita. Waliniangalia kwa heshima mpya.

La tatu ndilo lililonigusa, nalo ni lugha. Hadithi za Wakanda zimejaa maneno yetu, mengine mazima, mengine yamevunjika mguu. Watu wa Wakanda huvaa mkononi shanga ziitwazo kimoyo. Mtu akizigusa huzungumza na aliye mbali na sura yake ikatokea kiganjani. Mimi nilipoziona mara ya kwanza nilidhani ni tasbihi. Kabila la milimani ni Wajabari, jina ambalo Wamarekani weusi wamelipenda wakawapa watoto wao, na sisi twajua limetoka wapi hata likafika kwao. Baraza la wazee katika vijarida ni Taifa Ngao, maneno mawili ya Kiswahili yaliyowekwa nyuma mbele. Na katika maandishi ya Coates mfalme yatima huitwa Haramu-Fal. Yatima ana uharamu gani, jamani? Hapo mtu alifungua kamusi gizani.

Lakini ukiisikiliza filamu yenyewe, Wakanda yazungumza Kixhosa. Sababu ni mwigizaji mkongwe wa Afrika Kusini, John Kani, aliyemwigiza baba yake T'Challa katika filamu ya mwaka 2016. Alitumia lugha ya kwao, na ikabaki kuwa lugha ya nchi. Sina ugomvi na Kixhosa, ni lugha tamu. Vijana wa Ikonge, hata hivyo, wana ugomvi. "Kama Wakanda iko ziwani," waliniuliza, "mbona haisemi Kiswahili? Au Ekegusii?" Na ombi lao kubwa kwa filamu ijayo halihusu vita wala magari ya angani. Wanataka mtu mmoja tu, hata mlinzi wa mlango, afungue kinywa aseme Kiswahili kilichonyooka.

Wenyewe hawakukaa kungoja ombi lijibiwe. Msomaji anawajua hawa wanaoitwa madijei wa sinema, ambao mashuhuri wao hapa Kenya ni DJ Afro. Filamu ya kigeni hupewa sauti ya Kiswahili juu yake. Msimulizi huwapa watu majina mapya, huwatania, huwaonya, na mara nyingine hadithi yake hupita ile ya mwenye filamu. Kibanda cha Ikonge hakina fedha za kungojea kila kazi ya mjini, kwa hivyo kina msimulizi wake. Ni yule mjukuu wa sahibu yangu.

Tukiwa njiani kwenda huko, tunachagua pa kukanyaga kwenye tope, alinisimulia alivyoingia katika mapenzi haya. Februari 2018 filamu ya kwanza ilionyeshwa Kisumu kwa shangwe kubwa, kwa kuwa baba yake Lupita, Profesa Anyang' Nyong'o, ndiye gavana wa kule. Yeye alikuwa mtoto wa skuli ya msingi. Akaomba nauli, akaambiwa nauli imo shambani kwenye majani chai. Akachuma jioni hadi jioni, na alipopata nauli na tikiti, shangwe zilikwisha kupita siku nyingi. Mjomba wake akampeleka hivyo hivyo. Ukumbi ulikuwa nusu tupu. Kipande cha tikiti bado anacho, ndani ya kifuko cha nailoni pamoja na kitambulisho chake.

"Uliona nini?" nikamwuliza.

"Niliona mama yangu," akasema.

Sikumwelewa, akanieleza. Mama yake kwa miaka mingi alikuwa akivuka kwenda Kericho kuchuma chai katika mashamba makubwa, kama walivyofanya wengi wa Kisii na Nyamira. Mikono yake, asema, ilikuwa yenda mbio mpaka huioni. Kisha mashine za kuchuma zikaja, mashine moja kazi ya watu wengi, na mama akarudi nyumbani. Si yeye peke yake. Uchungu huo ulijaa kote, hata Mei 2023 watu waliandamana Kericho wakachoma moto mashine kadhaa, na roho ya mtu ikapotea. Mtoto yule, alipomwona Shuri wa Wakanda, binti anayeunda mitambo kwa akili yake mwenyewe, alijiuliza: kwa nini mashine ya kwetu haikutoka kwetu? Kwa nini hakuulizwa mwenye mikono?

Hapo nikanyamaza. Mimi na babu yake tulipoingia bandarini, shehena ilipakuliwa kwa magunia na migongo ya watu, genge juu ya genge, nyimbo juu ya nyimbo. Tulipotoka, kreni inanyanyua kontena zima kama mtu anyanyuavyo kiberiti, na genge letu lilikuwa limebaki mimi, yeye na watu wawili. Hakuna aliyetutilia habari hiyo katika katuni.

Kijana huyu amejitilia. Alinionyesha daftari lake, lile la kurasa 96, limechorwa kwa kalamu ya bik mbele na nyuma. Hadithi yake yatokea Ikonge mwaka 2100. Kuna mashine iliyojifunza kuchuma kwa kutazama mikono ya bibi mmoja, na imechuma mpaka haina mwisho. Imemaliza chai, sasa yachuma migomba, yachuma mapaa ya nyumba. Bibi ndiye pekee anayejua mwendo wa mikono ile, kwa hivyo ndiye pekee anayeweza kuisimamisha. Michoro yake si mibaya hata kidogo. Milima ameipatia hasa, na bibi amemvika leso yenye maandishi, ingawa maandishi hayo aliniomba mimi nimtungie. Mwisho wa hadithi hana. Kurasa nne za nyuma ni tupu.

"Nangojea filamu," akasema. Katika ile ya kwanza Wakanda iligombana na nafsi yake, ifiche hazina yake au iwagawie wenye shida, na mwishowe mfalme akatangaza kugawa. Katika ile ya pili mataifa makubwa yakaja kuitaka hazina hiyo kwa hila, na vita vikazuka na ufalme wa chini ya bahari. "Wamejaribu kuficha, wamejaribu kugawa. Sasa nataka kuona watafanya nini."

Nikamwambia asimngoje Coogler, amalize mwenyewe. Akatabasamu tu, tabasamu la mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo na wengi.

Kibanda chenyewe ni cha mabati, mabenchi ya mbao, televisheni pana iliyofungwa ukutani kwa nyaya, na kiingilio ni shilingi 20. Nilimwuliza mwenye kibanda kuhusu vibali, maana sheria ya Kenya ya filamu na michezo ya kuigiza, Sura ya 222, yataka onyesho la hadhara liwe na ruhusa, na mwenye kazi naye ana haki yake juu ya nakala. Akaniambia cheti cha kuonyesha anacho. Kuhusu nakala alianza kukohoa. Sikumpa fatwa, lakini nilimwambia ninachoamini, kwamba mali ya mtu haihalaliki kwa sababu mwenyewe yuko mbali. Akajibu kwamba jumba la sinema lililo karibu likimwuzia haki ya kuonyesha kwa bei ya Ikonge, atalipa kesho asubuhi. Hoja hiyo nayo nimebaki nayo.

Kabla ya kuanza, wazee wawili watatu waliokuja kukwepa mvua waliniuliza iwapo Mwislamu anaruhusiwa kutazama mambo haya. Nikawapa kisa kinachonifurahisha kila nikikikumbuka. Saudi Arabia ilikaa zaidi ya miaka 35 bila majumba ya sinema. Yalipofunguliwa tena, jijini Riyadh Aprili 18, 2018, filamu ya kwanza kuonyeshwa ilikuwa hii hii, Black Panther. Busu lilikatwa, lakini Wakanda ilipita salama. Mzee mmoja akapiga paja: "Kumbe Ikonge na Riyadh ni sawa!"

Pamoja na hayo sitaficha dosari niliyoiona, na ningependa filamu ijayo iirekebishe. Mwanzoni mwa ile ya kwanza, mfalme ashuka katika msitu wa Sambisa, Nigeria, kuwaokoa wanawake waliotekwa, wamefunikwa hijabu, na Nakia mwenyewe yumo kati yao kwa kujificha. Ni kisa cha heri. Lakini nilimtafuta Mwislamu mwingine katika filamu nzima, mfanyabiashara, mwalimu, nahodha, nisimpate. Bara lenye Timbuktu, Lamu na Kilwa, Mwislamu wake aonekane kwa kuteka au kutekwa tu? Na ajabu ni kwamba sauti ya kwanza ya kuimba inayoikaribisha Wakanda ni ya Baaba Maal wa Senegal, Mwislamu, ambaye baba yake alikuwa akiadhini. Sauti yake imo, lakini watu wake hawamo. Niliwaeleza vijana haya kwa ufupi, na yule muuza mitumba akauliza kwa nini basi na wao Wakisii hawamo. Tukakubaliana tuandike barua moja.

Onyesho likaanza. Sauti ya Kiingereza ikapunguzwa, na mjukuu wa sahibu yangu akasimama kando ya televisheni na kipaza sauti. Sijapata kuona kitu kama kile tangu Naaz. T'Challa alikuwa anasema Kiswahili. Mama yake malkia alikuwa anasema Kiswahili cha taratibu chenye adabu, ambacho baadaye niling'amua ameniiga mimi. Wajabari wa milimani walikuwa wanasema Ekegusii, na kila mkubwa wao akiguna, ukumbi mzima ulianguka kwa vicheko. Baraza la wazee akaliita Ngao ya Taifa, akanitazama kuona kama nimesikia. Shanga za kimoyo akazigeuza simu za mkopo zilizoisha salio. Mahali pa huzuni alinyamaza kabisa, akaacha picha ifanye kazi yake, na huo ndio usanii ambao wasimulizi wengi wa mjini hawana.

Tulikuwa tumefika kwenye maporomoko ya maji, wafalme wawili wanapigana mara ya pili, radi ilipopiga upande wa Nyamira na stima ikapotea. Giza totoro. Watoto wakapiga mayowe. Mwenye kibanda akaanza kutafuta tochi, na mimi nikainuka taratibu, kwa kuwa wakati wa Isha ulikwisha kuingia na niliona ni nafasi.

Niliswali barazani kwa duka la jirani, juu ya gunia safi alilonitandikia mwenyewe. Niliporudi stima ilikuwa bado. Ndani hapakuwa na mwanga ila simu moja iliyowekwa juu ya benchi, na sauti ya kijana ilikuwa ikiendelea. Nilidhani amalizia mapigano ya maporomokoni, lakini nilipokaa nikagundua kwamba filamu ile alikwisha kuiacha zamani. Alikuwa asimulia ya tatu, ile isiyokuwapo. Mtoto wa mfalme amewasili kutoka Haiti, amepanda matatu ya Kisii, mvua yanyesha, na kwenye kituo amempata bibi mmoja mwenye kikapu, amevaa leso, anamwuliza, "Mwanangu, wewe ni wa nani?"

Watu walikuwa kimya. Mwenye kibanda hakumrudishia mtu shilingi 20 zake, wala sikusikia aliyedai.